Fromaji Yetu Tuliikuta Mezani Goma

Tulirudi Jumapili jioni, sote saba, wazima, matope yakiwa yametufika magotini. Habari za mkutano mtazipata kwa viongozi wa vikundi vyenu. Ukurasa huu ni wa jambo lingine, kwa sababu tangu tufike kila anayetusalimu anauliza lile lile: ni kweli mlikula pizza?

Ni kweli. Na pesa haikutoka kwenye sanduku la AVEC wala ya likilimba, tuseme hilo mapema kabla maneno hayajazunguka sokoni. Kila mmoja alitoa katika pesa yake ya chakula ya siku za mkutano. Siku mbili tulikula mandazi na chai ili siku ya tatu tukae mezani.

Tuanze na njia, maana bila njia hamtaelewa meza. Wenzetu watatu walitoka Walikale. Novemba hii mvua hainyamazi, na kutoka kule hadi Masisi-centre ni pikipiki, kushuka, kusukuma, kupanda tena. Walilala njiani usiku mmoja. Asubuhi ya kuondoka walikuwa wamekula makemba ya kuchoma na samaki wa Lowa ndani ya mawese, na mama mmoja anasema tumbo lake lilikumbuka chakula hicho hadi Nyabiondo. Kule msituni mawese hayakosi, makemba hayakosi. Kinachokosekana ni kile kinachotoka Goma: sukari, chumvi, sabuni, unga wa ngano. Wengi wenu mnakumbuka miaka ambayo ndege zilitua juu ya lami ya barabara pale Kilambo, zikishusha bia na unga na kupanda na madini. Bei ya sukari ilifuata bei ya ndege. Kwa hiyo wenzetu hawakuja mikono mitupu: walibeba bido ya mawese, wakaifunga nyuma ya pikipiki kama mtoto.

Nyabiondo walikula malewa. Mnaijua malewa: mbao nne, bati, benchi moja, sufuria tatu juu ya makala. Maharagi, viazi, sombe. Mama wa malewa anapakua, anapokea franka, anafukuza kuku, anapakua tena. Tulikuja kuzungumza juu yake baadaye tukiwa Goma. Tuliulizana kama kuna mmoja wetu aliyewahi kumwona mama wa malewa ameketi na sahani yake mwenyewe. Hakuna.

Masisi tuliungana, tukawa saba. Kuanzia hapo hadi Mushaki na kushuka Sake, mnajua wenyewe macho yanavyoona: vilima juu ya vilima, majani mafupi kama yamekatwa kwa mkasi, ng'ombe wamesimama mteremkoni hata unajiuliza kwa nini hawaanguki. Wageni husema ni kama Uswisi. Sisi hatujafika Uswisi, tunaacha.

Katikati ya vilima hivyo kuna zile nyumba ndogo za fromaji, nyingine za mbao tupu. Ujuzi huo uliletwa na mapadri Wabelgiji katika miaka ya 1970, na fromaji yenyewe inafanana na ile ya Uholanzi iitwayo gouda: duara, ganda la manjano, ndani laini. Kwa dada zetu wa msituni ambao hawajaona inavyofanywa, ni hivi. Maziwa ya asubuhi yanapashwa moto kidogo, yanatiwa dawa ya kugandisha, yanasimama hadi yashikane. Yanakatwa vipande vidogo, maji yanachujwa, kilichobaki kinashindiliwa katika ukungu wa duara chini ya uzito. Kisha fromaji inalala katika maji ya chumvi, inatolewa, inapangwa juu ya mbao, na mtu anaigeuza na kuigeuza kwa wiki kadhaa. Lita 10 za maziwa zinatoa kama kilo 1 tu. Shikeni hesabu hiyo, tutairudia.

Sake tulinusa ziwa kabla ya kuliona, na sambaza wa kukaangwa walituita kutoka pande zote, lakini tulikuwa tumeapa kuweka pesa. Bariere ya kwanza: nawa mikono. Ya pili: nawa mikono, kijana anakuelekezea kipima joto kwenye paji la uso. Tangu Ebola ifike Goma mwezi wa Julai 2019, maji ya klori yalikuwa mbele ya kila mlango, kanisa, benki, duka. Mikono yetu ilikuwa imekauka kama ya mjenzi.

Goma ni mji wa mawe meusi. Mawe ya volkano yako kwenye kuta, kwenye vijia, kwenye ua wa hiyo restora yenyewe. Moto wa Nyiragongo uliopita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 ulipoa, na watu wakajenga juu yake na kwa mawe yake. Mmoja wetu alikuwa binti mdogo mwaka ule. Anakumbuka mama yake alikimbia na sufuria kichwani, maharagi yakiwa bado ndani, kwa sababu yalikuwa yamekaribia kuiva.

Tunaambiwa Nairobi na Kampala kuna nyumba za pizza zenye jina moja, mtaa huu moja, mtaa ule moja, na pizza ni ile ile kila mahali. Hapa tuliingia katika nyumba moja tu, ya viti vya plastiki na vitambaa vya meza vya miraba myekundu, na furu ya matofali inayoonekana kutoka mezani. Jina lake haliwahusu. Si mahali pa wakubwa. Kulikuwa na wanafunzi, familia moja yenye mtoto wa sikukuu ya kuzaliwa, na wanaume wawili waliobishana juu ya mpira tangu tulipoingia hadi tulipotoka.

Kijana akatuletea karatasi ya vyakula. Ilikuwa kwa Kifaransa na Kiitaliano, maneno marefu. Mwekahazina wetu aliisoma kwa sauti kuanzia upande wa bei, kama kawaida yake. Tukaagiza pizza tatu za watu saba, na sahani moja ya spageti, kwa kuwa mama mmoja wa Walikale alikataa katakata. Alisema mkate si chakula, mkate ni wa kunywea chai, na yeye hakupanda pikipiki siku mbili kuja kunywa chai.

Halafu tukasubiri. Kijana wa furu alitandaza kinyunga kwa mikono, akapaka nyanya, akanyunyiza, akasukuma ndani kwa kipawa kirefu cha mbao. Tulikaa. Hapo ndipo tulipoona jambo la ajabu: hatukujua la kufanya na mikono. Mmoja alikunja kitambaa cha meza. Mwingine alipanga chumvi na pilipili mstari. Mama yetu mkubwa kuliko wote, mwenye wajukuu tisa, aliinuka akaanza kukusanya sahani za meza ya jirani azipeleke jikoni. Kijana alikuja mbio: "Mama, tafadhali keti. Ukizichukua wewe, mimi wataniuliza kazi yangu ni nini." Akaketi. Alicheka, lakini baadaye alituambia kwamba hajui lini mara ya mwisho mtu alimpakulia chakula akiwa si mgonjwa wala hajatoka kujifungua.

Pizza ikaja, moto, fromaji ikichemka juu. Tulivutana nyuzi zake kama watoto. Ni tamu, wamama, tusidanganye. Ukingo ni mkate uliobabuka, katikati ni laini, nyanya ina uchachu kidogo unaokata mafuta. Lakini mama wa Mushaki alitafuna kipande cha kwanza polepole, akanyamaza, akatafuna tena. Akasema: "Hii ni ya kwetu."

Tulimwambia aache utani. Akakataa. Anauza maziwa kwa nyumba ya fromaji tangu alipoolewa, anajua chumvi ile. Basi tukamwita mpishi, naye akaja akijifuta unga. Mama alikuwa amesema kweli. Mpishi alieleza kwamba Waitaliano wa Napoli, huko pizza ilikozaliwa, hutumia fromaji nyeupe, mbichi, inayoitwa mozzarella, na iliyo ya heshima zaidi hutoka kwa maziwa ya nyati wa kufugwa. Hiyo ikifika Goma kwa ndege bei yake inatisha. Kwa hiyo yeye anatumia ya Masisi. Inayeyuka vizuri, ila ina chumvi zaidi, ndiyo maana katika nyanya zake hatii chumvi hata kidogo. Tulimpa mkono mmoja mmoja. Nadhani alifikiri tunamshukuru kwa upishi tu.

Mwekahazina alikuwa tayari ametoa kalamu. Mpishi alimwambia pizza moja inakula gramu 200 hivi za fromaji. Maana yake ni lita 2 za maziwa. Mama wa Mushaki wiki ile alilipwa franka 400 kwa lita. Basi katika pizza tuliyolipia dola 10, yaani zaidi ya franka 16,000 kwa bei ya 2019, yeye alikuwa na franka 800. Hatusemi kuna mwizi. Kuna aliyekamua, aliyegandisha, aliyegeuza fromaji kila siku, aliyeibeba kupita bariere zote zile, aliyenunua ngano, anayelipa makala. Kila mmoja ana sehemu yake. Lakini franka 800 tulizitazama kwa muda mrefu pale kwenye karatasi.

Ndipo alipotueleza jambo ambalo ametupa ruhusa kuliandika bila jina lake. Maziwa yake anauza yote, ya asubuhi na ya jioni, kwa sababu ya karo na ya deni. Mwaka jana mtoto wake wa mwisho alivimba miguu na nywele zikawa nyekundu. Bwaki. Mama muuza maziwa. Kwenye kituo cha afya mtoto alitibiwa kwa maziwa ya unga ya pakiti, akikoroga yeye mwenyewe na kumnywesha kikombe baada ya kikombe, huku bido yake ya maziwa freshi ikipita mbele ya mlango wa kituo ikienda kuuzwa. Mtoto alipona, sasa anakimbia. "Niliona aibu kusema," alituambia. Tulimwuliza aibu ya nini, wengi wetu tunauza mayai na watoto wetu wanakula ugali na chumvi. Mama wa Walikale aliyekataa mkate aliacha spageti yake, akasema kule kwao ni samaki: wanaokaushwa vizuri ni wa kuuza, vichwa ni vya nyumbani.

Kisha hesabu ya kulipa ikaletwa na ikatuamsha. Maji yaliyowekwa mezani bila sisi kuagiza yalikuwa yameandikwa, chupa nne, kila moja na bei yake. Tulibishana kidogo, tukalipa. Mkifika mahali kama pale, chupa msiyoiomba msiifungue.

Njiani kurudi tulilala Masisi kwa mmoja wetu, na Jumamosi tulijaribu. Jirani yake ana furu ya udongo ya kuokea mkate. Tulitumia unga wa ngano kilo 1, chachu ya mkate, maji ya vuguvugu, chumvi kidogo, na mawese badala ya yale mafuta yao ya zeituni. Tuliacha kinyunga kivimbe saa moja chini ya kitambaa. Nyanya tuliziponda na kitunguu, tukazipika hadi zikauke, bila chumvi, kama mpishi alivyosema. Juu tukatia lenga-lenga zilizochemshwa na kukamuliwa, na fromaji nusu ya ile waliyotumia Goma. Ya kwanza iliungua chini kwa sababu furu ilikuwa na moto mwingi mno. Ya pili ilitoka vizuri. Kwa mawese inakuwa na rangi ya jua la saa kumi na mbili. Watoto kumi na mmoja walikula pizza nne na kulamba sahani. Mama wa Walikale alikula vipande viwili na bado anasema si chakula.

Kuna maswali mawili tutakayoyaleta. La kwanza ni la mama wa Mushaki: kama kila mwanakikundi mwenye ng'ombe anaweza kubakiza lita moja kwa siku nyumbani, na sanduku letu limkopeshe bila riba pengo lile la franka 400 hadi mwisho wa mwezi. Mwekahazina anasema sanduku litachoka. Mama mkubwa anasema sanduku ni mbao, halichoki. Wamebishana tangu Sake. La pili ni kama tununue maziwa yetu wenyewe, lita 20 kwa kuanzia, na kumwomba mzee mmoja anayejua kazi hiyo atufundishe kugandisha.

Mkutano ni Jumanne, saa nane, chini ya mti kama kawaida, na mvua ikinyesha ni ndani ya darasa. Furu itawashwa tangu saa sita. Unga upo, mawese yapo. Mwenye sahani pana ya bati aje nayo, na tafadhali kila mama aje na kiti chake.