Fomu, Mfugaji na Siku 62

Fomu nyingi za utafiti wa afya zina swali moja la kufungulia: "Umewahi kusikia kuhusu ugonjwa huu?" Ukijibu ndiyo, msaili anashuka mstari unaofuata; ukijibu hapana, anaruka ukurasa mzima. Baada ya hapo huja maswali ya unachokijua, halafu unachokiamini, halafu unachokifanya. Mtindo huu ulianzia kwenye tafiti za uzazi wa mpango miaka ya 1950, ukahamia kwenye malaria, ukimwi, kipindupindu na chanjo, na leo hakuna pembe ya dunia usikofika. Mimi pia nimeubeba mkononi, nikiwa msaili katika vijiji vya Wajir, hasa Eldas, kaunti ndogo iliyo kaskazini magharibi mwa mji wa Wajir, ambako ni visima na malisho vinavyoamua watu wakae wapi na wahame lini.

Nilipoanza niliamini kama walivyoamini walimu wangu, kwamba ugonjwa unakaa palipo na ujinga, na kwamba kazi ya utafiti ni kuonyesha ujinga uko wapi ili elimu ipelekwe. Siku hizi nashuku kwamba tunapima upande mmoja tu. Fomu hupima anachokijua mfugaji. Muda ambao hicho anachokijua huchukua hadi kumfikia mwenye gari, mwenye chanjo na mwenye maabara, huo hauna swali lake.

Nianze na Homa ya Bonde la Ufa, maana ndiyo iliyowaleta watafiti wengi kwetu. Ilitambuliwa mwaka 1931 katika shamba la kondoo karibu na Naivasha, lakini majanga yake makubwa yakaja kutua kaskazini mashariki. Mbu wanaoieneza hutaga mayai yanayoweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka kadhaa, yakisubiri mafuriko. Mafuriko yalikuja na El Niño ya 1997 na 1998, na wataalamu walikadiria baadaye kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa peke yake. Ikarudi mwishoni mwa 2006. Kufikia Machi 2007, Kenya ilikuwa imeandikisha wagonjwa 684, na 155 kati yao walikuwa wamefariki. Biashara ya mifugo ilisimamishwa, uchinjaji ukapigwa marufuku, na Garissa, mji ambao mgeni hapewi chai kabla ya kuulizwa kama ameshakula nyama, ukalazimika kuzoea maharagwe.

Mlipuko ulipotulia, watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo yenye makao Nairobi, wakiongozwa na Christine Jost, waliwaendea wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki. Badala ya kuwapa mtihani, walikaa nao wakawaacha wausimulie msimu ule: mvua kubwa ilianza lini, mbu walitanda lini, mnyama wa kwanza aliugua lini, na mtu wa kwanza lini. Wafugaji waliufahamu ugonjwa vizuri, wakauita sandik, na wakaeleza damu inayotoka puani na mimba zinazotupwa. Masimulizi hayo yalipopangwa yalitoa kalenda ambayo hakuna ofisi iliyokuwa nayo. Tangu mvua kubwa hadi makundi ya mbu zilipita wastani wa siku 24. Tangu mbu hadi mnyama wa kwanza kuugua, siku 17. Tangu mnyama wa kwanza hadi mtu wa kwanza, siku 17 na nusu. Tangu mnyama wa kwanza hadi huduma ya mifugo kuitikia, siku 62.

Hiyo ya mwisho niliisoma nikairudia. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wameanza kuugua kwa takriban siku 44 kabla ya mtu wa serikali kuja kumtazama mnyama. Muda wote huo maarifa yalikuwepo, yamekaa chini ya mti na kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi.

Sasa linganisha na utafiti mwingine, uliofanyika Ijara, kusini mwa kaunti ya Garissa, na kuchapishwa mwaka 2015. Huo ulitumia fomu ya maarifa, mitazamo na matendo. Waliohojiwa walikuwa wameusikia ugonjwa, ila wengi hawakuzitaja dalili ambazo fomu ilizitarajia, na wachache tu ndio waliokuwa wakijikinga wanaposhika mnyama mgonjwa. Jamii ni ileile na ugonjwa ni uleule. Inakuwaje utafiti mmoja umkute mfugaji ni bingwa, na mwingine umkute ana mapengo?

Sisemi wa Ijara walikosea. Miaka ilikuwa imepita bila mlipuko, na kumbukumbu ya vijana si sawa na ya wazee. Lakini nina dhana yangu, niliyoipata Eldas. Nilimwomba mzee mmoja anitajie dalili za ugonjwa huo kwa mifugo. Fomu ilikuwa na visanduku, nami nilisubiri kuvitia alama. Mzee akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Za ngamia yupi, adeer?"

Nikamwambia yeyote. Akatikisa kichwa, kwa sababu ngamia yeyote hayupo. Kisha akaanza kunieleza habari za mbuzi wa shemeji yake waliotupa mimba karibu zizi zima, za kondoo waliokufa na damu puani, za mwaka ambao mbu walikuwa wengi hata moshi wa samadi haukuwafukuza, na za ngamia jike mmoja aliyemtaja kwa jina na kwa jina la mama yake. Alizungumza hadi kivuli kikatuhama. Mwishoni nilikuwa na visanduku karibu vyote, ingawa hakuna hata kimoja alichokitaja kwa jinsi kilivyoandikwa. Msaili mwenye haraka angeandika "hajui" kwenye dakika ya kwanza, na asingekuwa amevunja kanuni yoyote ya kazi yake.

Hapo ndipo ninapoziogopa asilimia. Mfugaji hakuhifadhi dalili kwa orodha, amezihifadhi kwa mnyama fulani wa mwaka fulani. Ukimwuliza kwa orodha unampima kwa kipimo cha darasa, na alama atakayopata inakueleza zaidi habari za shule kuliko za ugonjwa.

Lakini pia tusidanganyane. Kuna walioandika habari za wafugaji kana kwamba kila mzee mwenye bakora ni profesa, nao hawatusaidii. Kuna mambo ambayo watu wetu hawayajui au wanayajua vibaya. Maziwa mabichi ya ngamia yanaweza kubeba brusela, ile homa inayomlaza mtu wiki kadhaa, viungo vikimuuma, akitibiwa malaria asiyokuwa nayo. Wengi wanaamini kufukiza vyombo kwa moshi wa kuni kunatosha. Hakutoshi, moshi hutia maziwa ladha na kuyaweka kidogo, lakini hauchukui nafasi ya kuyachemsha. Nimeambiwa mara nyingi kwamba maziwa yaliyochemshwa yamekwisha kufa. Pengo hapo ni la kweli, na elimu inahitajika.

Kuna pengo jingine, ambalo wataalamu hulikuta kila mara kati ya kujua na kutenda, na dawa wanayoliandikia ni elimu ile ile tena. Hili la kisu, kwa mfano. Katika karibu kila uchunguzi wa Homa ya Bonde la Ufa, kumchinja na kumla mnyama mgonjwa hutajwa kati ya mambo ya hatari kubwa, kwa sababu virusi viko kwenye damu na majimaji. Msomaji wa Nairobi hushangaa: anamwona mnyama anaumwa, kwa nini amchinje? Mwenye kuishi Eldas hashangai. Mnyama akifa mwenyewe ni nyamafu, na nyamafu ni haramu kwa Muislamu. Saa ambayo mnyama anaanza kutetemeka ndiyo saa ya mwisho ya kuokoa kitu. Kadiri ugonjwa unavyokuwa mkali, ndivyo kisu kinavyoharakishwa, na ndivyo damu inavyokuwa na virusi vingi. Mtu huyo hafanyi hivyo kwa kutojua. Analijua lile la leo kwa uhakika zaidi kuliko analoambiwa la wiki ijayo.

Na kuna pengo la tatu, la kutoaminiana, ambalo halijibiwi hata likiulizwa. Msaili huja na gari, na kitambulisho kifuani, anauliza jina la mwenye nyumba, idadi ya wanaume waliomo na mifugo aliyonayo. Wajir, maswali hayo yana historia. Februari 1984, katika operesheni ya vyombo vya usalama, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na kupelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema ni watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda waliouawa wanakaribia 1,000. Mzee aliyeponea pale hana sababu ya kuamini kwamba karatasi inayoandikwa majina itamletea heri. Wala nchi haikuwa na pupa ya kumjua kwa namna nyingine: tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya za 1989, 1993 na 1998 hazikufika Mkoa wa Kaskazini Mashariki. Zilifika mwaka 2003.

Kabla ya miaka hiyo ambayo fomu hazikufika, alikuwepo Wajir mwanamke Mwitaliano, Annalena Tonelli, aliyesomea sheria na kuja kufundisha. Wakati huo watu wa afya walikuwa na hakika kwamba kifua kikuu hakitibiki kwa wahamaji: tiba ilichukua mwaka na zaidi, na mhamaji akipata nafuu tu anafuata mvua. Hilo lilihesabiwa kuwa tabia yao. Kuanzia 1976, Tonelli alisimamia mradi wa majaribio uliokwenda kinyume. Wagonjwa waliwekwa katika manyatta, kwenye vibanda vya aina waliyoizoea, wakanywa dawa mbele ya mhudumu kila siku kwa tiba fupi ya miezi sita hivi, kisha wakaenda zao wakiwa wamepona. Wale wasiomaliza dawa wakamaliza. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiitangazia dunia nzima njia ya kumeza dawa mbele ya macho ya mhudumu.

Baada ya Wagalla, Tonelli alikuwa kati ya waliookoa majeruhi na kukusanya maiti, na hakuendelea kuishi Kenya muda mrefu. Alihamia Somalia, na Oktoba 2003 aliuawa kwa risasi Borama, kwenye hospitali aliyoianzisha. Nikilisikia jina lake Wajir, hutajwa bila maelezo ya alikotoka, kama anavyotajwa jirani. Naamini waliomeza dawa zake hawakuwa wameelimishwa kuliko wengine. Alikaa nao.

Rudi kwenye homa. Wiki ya mwisho ya Mei 2018, baada ya mvua nzito ya gu, yaani masika, mfumo wa kukusanya taarifa kutoka kwa jamii yenyewe ulinasa habari za mimba nyingi kutupwa na wanyama wachanga kufa kaskazini mashariki. Wiki mbili baadaye ugonjwa ulithibitishwa kwa binadamu. Wajir ndiyo iliyokuwa kitovu, na Eldas ilikuwa mojawapo ya sehemu zilizoguswa. Kwa jumla nchini walitambuliwa wagonjwa 106, wengi mno wakiwa wa kaskazini, na 8 wakafariki. Ukiweka wiki hizo mbili karibu na siku 62 za zamani, unaona kuna aliyejifunza, na safari hii hakuwa mfugaji. Simu ya mchungaji ilipokewa.

Hata hivyo wengi wa waliothibitishwa walikuwa wamechinja, wamekula nyama ya mnyama mgonjwa au wamekunywa maziwa mabichi. Taarifa ilikimbia kuliko zamani. Kisu hakikupunguza mwendo.

Nilimwuliza mama mmoja wa Eldas, mwenye mbuzi wachache na watoto wengi, swali la mwisho la fomu. "Eeddo, mbuzi wako akiugua sana, unafanyaje?"

"Namchinja kabla hajafa."

"Unajua kwamba damu yake inaweza kukuua?"

"Najua. Mlituambia mwaka jana, na redio inasema." Akamfunga mtoto vizuri mgongoni. "Wewe ukiniambia nisimchinje, utanilipa bei yake, au huyo aliyekutuma ndiye atakayenilipa?"

Nikayaandika maneno yake pembeni mwa karatasi, kwa kuwa kisanduku cha maneno hayo hakikuwepo. Jioni msimamizi aliyekuwa akikagua fomu aliyasoma, akaninyooshea kalamu na kuniuliza niandike ndiyo au hapana.