Baiskeli moja, lami na vumbi la Elerai

Kata ya Elerai, magharibi mwa Jiji la Arusha, ina jina la mti. Kwa Kimaasai, olerai ni ule mgunga wenye gome la njano unaopenda kuota penye maji, ndio huohuo uliolipa jina msitu wa Lerai ndani ya kreta ya Ngorongoro. Leo anayepita Elerai huona zaidi nyumba, fremu za maduka, bodaboda na watoto wa shule. Na mtoto akinunuliwa baiskeli, mara nyingi huwa ya gia, yenye matairi mapana ya meno, iliyoletwa kama mtumba.

Shida huanza dakika chache baada ya kutoka getini. Mitaani ni vumbi na mawe, na kila masika maji yanayoteremka kutoka upande wa Mlima Meru huchimba mifereji katikati ya njia. Ukitokea Sakina, unakutana na lami na magari ya kwenda Namanga, na kutoka hapo hadi Tengeru ni barabara ya njia nne, kilomita 14. Mtoto yuleyule, kwa baiskeli ileile, anapita kote kwa siku moja.

Baiskeli ya aina hii haikuzaliwa kwa ajili ya lami. Miaka ya 1970, vijana wa Marin huko California, Marekani, walikuwa wakiteremka Mlima Tamalpais kwenye njia za vumbi kwa baiskeli nzito za zamani, wakibadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka ikapatikana baiskeli ya mlimani. Meno ya tairi yalikusudiwa kung'ata udongo. Juu ya lami hayana cha kung'ata. Yanajikunja, yanavuma kama nyuki na kula nguvu za miguu. Lami ikilowa, hasa kwenye kona, yanateleza kuliko tairi laini. Mtoto anayefika shule amechoka kila siku huenda si mvivu hata kidogo.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye matairi, kabla ya rangi mpya na kabla ya siti ya kupendeza. Inayofaa ni tairi ya kati: katikati ni laini au ina mstari usiokatika, pembeni ina meno mafupi. Kwenye lami baiskeli inasimamia sehemu laini. Kwenye vumbi tairi inazama kidogo na meno ya pembeni yanashika. Kwa mawe ya Elerai, upana wa inchi 1.75 unatosha. Ya inchi 1.5 inakimbia zaidi barabarani, ila rimu italipa gharama.

Dukani kuna mtego unaowapotezea wazazi wengi nauli ya kurudi. Tairi iliyoandikwa 26 x 1.75 na iliyoandikwa 26 x 1 3/8 zote huitwa "ishirini na sita", lakini hazivai rimu moja. Ya kwanza, ya desimali, inakaa kwenye rimu ya kipenyo cha milimita 559. Ya pili, ya sehemu, milimita 590. Ubavuni mwa tairi huwa kuna namba kama 47-559. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kumsomea muuzaji, au kuipiga picha kwa simu kabla ya kutoka nyumbani.

Upepo nao una maneno. Kiwango cha juu na cha chini huchapwa ubavuni mwa tairi, na mtoto mwepesi hahitaji kukaribia cha juu. Siku ya lami tupu ajaze zaidi. Siku ya makorongo apunguze kidogo, bila kushuka chini ya kiwango, maana tairi legevu ikigonga jiwe tyubu hubanwa na rimu na kutoboka mara mbili kwa mpigo. Baiskeli nyingi za gia zina vali kama ya gari, kwa hiyo hata fundi wa matairi ya bodaboda anaweza kuijaza.

Gia kwa kawaida haina haja ya kubadilishwa, mtoto afundishwe tu. Kwa gurudumu la inchi 26, meno 42 mbele na 14 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unasogeza baiskeli zaidi ya mita 6. Meno 22 mbele na 28 nyuma, ni takriban mita 1.6. Ndiyo tofauti ya kutambaa juu ya mlima na kukimbia tambarare. Shokapu za mbele, zile za bei nafuu, ni uzito zaidi kuliko msaada. Zikiwa na kifungio, zifungwe kwenye lami.

Breki zinahitaji jicho la mzazi mwenyewe. Baiskeli zilizotoka Ujerumani au Uholanzi kwa kawaida zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Zilizotoka Uingereza au Japani, mkono wa kulia. Mtoto aliyezoea moja akiazima ya rafiki, akashtuka na kubana ile ya mbele peke yake kwenye mteremko, anaruka juu ya usukani. Fundi anaweza kuhamisha nyaya kwa muda mfupi. Baiskeli zote za nyumba moja zifanane.

Na ni mteremko ndio unaoonyesha kazi hiyo imefanyika vizuri. Jumamosi asubuhi baba au mama mwenye miguu anaweza kutoka Elerai na mtoto, wakashika barabara ya Namanga kwa foleni moja, mtoto mbele, mpaka Ngaramtoni, kisha wakapanda kuelekea Olmotonyi, kilipo Chuo cha Misitu kilichoanzishwa mwaka 1937. Hapo lami inabaki nyuma na njia inaelekea kwenye miti. Kuingia msituni kuna utaratibu wake, waulize kwanza. Kupanda ni kwa gia ndogo na subira. Kabla ya kugeuka, wakague vipira vya breki na kugusa rimu: ikiwa ya moto sana baada ya mteremko wa kwanza, wasimame ipoe.

Taa ya nyuma, kiakisi mwanga, kengele na kofia ngumu si vya kusubiri mwisho wa mwezi. Madigadi yanaweza kusubiri mpaka mvua ikaribie. Matairi ya zamani ya meno yasigawiwe: yaning'inizwe stoo, na ikifika Machi mitaa ikigeuka tope, angalau lile la nyuma lirudishwe mpaka Mei.