Kibanda cha Wasichana

Tabora, Jumamosi. Nimeshuka treni ya reli ya kati, mgongo unalia. Wapelelezi Burton na Speke walitumia siku 134 kutoka pwani, wakaingia Kaze tarehe 7 Novemba 1857. Basi mgongo na unyamaze.

Kaze ndiyo Tabora hii. Burton aliandika kwamba mabinti wa Kinyamwezi, wakishavunja ungo, walitoka kwa baba zao, wakakusanyika kati ya 7 na 12, wakajijengea kibanda chao kando, wakapokea marafiki bila wazazi kuingilia. Binti akishika mimba, kijana wake sharti amwoe, la sivyo alipe faini.

Hapo nikakumbuka wasichana wa Sparta, Ugiriki ya kale. Karne ya 7 kabla ya Kristo, mshairi Alcman aliwatungia wanawali wa huko wimbo wa kuimba huku wakicheza. Mafunjo yenye wimbo huo yalipatikana Saqqara, Misri, mwaka 1855. Sasa yako Louvre, Paris. Wanawali wanamsifia kiongozi wao, Hagesichora, nywele na uso, hadi unajiuliza: ni sifa hizi au mahaba? Jina lenyewe lina maana ya kiongozi wa ngoma. Kwetu angeitwa manju. Maneno yamebaki, hatua za miguu zimepotea.

Za Tabora nimeziona jioni, kwenye sendofu niliyokaribishwa na jirani wa behewa. Wapambe sita, sare ya dhahabu, hatua mbili mbele, moja nyuma. Mshereheshaji akipayuka, hasikilizwi. Macho yote yalikuwa kwa mpambe wa mbele: jasho shingoni, kiatu kimoja mkononi, na vijana wa meza za nyuma wamesahau soda zao. Mama mmoja akaninong'oneza, "Huyu naye, mwaka hauishi kabla hajaposwa." Bibi harusi mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa tu.

Lakini Alcman alikuwa mwanamume. Burton naye, tena mgeni, kawahesabu mabinti kama mizigo ya wapagazi. Walichokitamani wasichana wenyewe kimetufikia kwa kalamu za wanaume. Afadhali Sappho wa Lesbos, mshairi mwanamke, aliyemfananisha msichana na tofaa lililobaki kileleni. Angezaliwa Tabora, lingekuwa embe.

Ukifika huku, Kwihara utaoneshwa tembe alimokaa mmisionari Livingstone mwaka 1872. Litazame. Kisha tafuta bibi mmoja jirani na hapo, umuulize usichanani mwake waliimba nini.