Cheti cha mtoto ni kazi ya mzazi

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, Little League World Series, kule South Williamsport, Pennsylvania. Wangekuwa timu ya kwanza kutoka Afrika. Wakanyimwa viza: tarehe za kuzaliwa kwenye nyaraka zao zilileta utata.

Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi, Uganda hiyohiyo, walifika na kuishinda timu ya Oregon 3-2. Nilifurahi. Lakini mashindano yale yana kikomo cha umri. Mwenye miaka 12 leo, mwakani hana nafasi tena.

Ndiyo maana nilipanda daladala mara tatu kufuata cheti cha mwanangu. Mama mkwe alinicheka: “Mwanangu, karatasi inaliwa?” Simlaumu. Yeye anajua alizaliwa mwaka wa mafuriko, basi.

Mzazi mwenzangu, linganisha jina na tarehe kwenye cheti, kadi ya kliniki na fomu za shule. Zikitofautiana, anza kurekebisha sasa. Kipaji ni chake mtoto. Karatasi ni zetu.