Kanzu Niliyomvua Mpwa Wangu

Leo nina kisa cha aibu yangu mwenyewe, nami nakusimulia kwa kuwa huenda nawe likakufika jambo kama hili.

Siku ya nikahi ya mpwa wangu, tulipofika mlangoni mwa msikiti, niliiona kanzu yake inameta na kumteleza mwilini kama maji. Nikakata shauri: hii hariri. Wajua kama nijuavyo kwamba Mtume (S.A.W.) ameikataza hariri kwa wanaume na kuwahalalishia wanawake. Walakini sikumwita pembeni. Nilimwambia mbele ya wakwe zake, "Nenda kavue!" Kijana hakunijibu. Aliazima kanzu ya nduguye, iliyomkomea kwenye ugoko, akaozwa nayo.

Wiki ya pili nilichukua kipande cha kitambaa kilichobaki nikampelekea fundi wa cherehani, nipate kuuthibitisha ukali wangu. Mzee yule alichomoa nyuzi mbili tatu, akawasha kiberiti. "Nusa," akasema. Harufu ya karatasi! Kisha akachoma uzi wa hariri ya kweli. Huo ulinuka kama nywele zilizoungua. Akanionyesha na wa tatu, poliesta, itokanayo na mafuta ya petroli: uliyeyuka, ukawa kidonge kigumu.

Hariri, msomaji, huwa majimaji ndani ya kiwavi, ikivutwa kutoka kinywani mwake ikawa uzi. Ni protini, jamaa ya nywele. Wataalamu waliitazama kazi hiyo wakaiiga. Mfaransa Hilaire de Chardonnet alisajili hariri yake ya bandia mwaka 1884, akaionyesha Paris mwaka 1889, lakini ilikuwa nyepesi mno kushika moto. Mwaka 1892 Waingereza Charles Cross na Edward Bevan, pamoja na mwenzao, walipata njia iliyo bora: mti husagwa, ukayeyushwa kwa dawa kali mpaka ukawa uji mzito kama asali, kisha uji ule husukumwa katika vitundu vyembamba sana ndani ya tindikali, zikatoka nyuzi. Ndiyo reyoni. (Moja ya dawa hizo, kaboni disalfaidi, imewaharibu akili wafanyakazi wengi viwandani. Mng'aro huo una watu walioulipia.)

Basi mpwa wangu alikuwa amevaa mti. Na nilipouliza, nikaambiwa kuwa wanazuoni wengi wasema kilichokatazwa ni hariri ya mdudu, si mfano wake.

Nilikwenda kumtaka radhi, yeye na wakwe zake, maana nao walisikia. Aliniambia neno moja tu: "Mjomba, ungeniuliza." Lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Tangu hapo hunitania. Majuzi aliniletea picha ya koti lililouzwa Japani mwaka 2019, kazi ya kampuni ya Spiber. Uzi wake umeigwa kwa ule wa buibui (buibui mdudu, si lile la mama zetu), nao hauchumwi kwa mdudu yeyote: vijidudu visivyoonekana kwa macho hulishwa sukari ndani ya mapipa, vikaitoa protini yake. "Hili nalo nivue, Mjomba?" akaniuliza.

Kiberiti changu hapo hakifai kitu, kwani hiyo nayo ni protini. Nilimjibu angoje nikamuulize sheikh. Bado angali akingoja.