Mwezi Mmoja, Magharibi Mbili

Washairi wa mwambao wameutumia mwezi kwa mengi. Umekuwa uso wa mpenzi, taa ya msafiri, shahidi wa ahadi. Aghalabu huwa pambo, na pambo halina lawama. Lakini yuko mtu aliyeufanya mwezi kuwa saa, na kwa saa hiyo akapima umbali baina ya miji miwili. Jina lake ni Abu Rayhan al-Biruni. Nililisoma jina hilo tangu ujana wangu Unguja. Uzito wa kazi yake ulinijia nilipokwenda kusomesha Kidete.

Al-Biruni alizaliwa mwaka 973 katika nchi ya Khwarazm, kusini ya Bahari ya Aral. Alipokuwa hajatimiza miaka 24 alipatana na Abu al-Wafa al-Buzjani, bingwa wa hisabati aliyekuwa Baghdad, kwamba wautazame mwezi ukipatwa, kila mmoja akiwa kwao. Usiku huo ulikuwa wa tarehe 24 Mei 997. Kupatwa kwa mwezi hutokea kwa wakati mmoja kwa wote wanaouona. Kinachotofautiana ni saa ya mahali, kwani jua halikutua kwa wote pamoja. Kila mmoja aliandika saa yake, kisha wakalinganisha. Tofauti ilikuwa karibu saa moja. Na kwa kuwa mzunguko mzima wa nyuzi 360 huchukua saa 24, yaani nyuzi 15 kwa kila saa, ikajulikana mji wa Kath, alikokuwa al-Biruni, umeachana na Baghdad kwa kiasi gani upande wa mashariki.

Kidete ni kituo cha Reli ya Kati, baina ya Kilosa na Gulwe, katika nchi ya milima na bonde la mto Mkondoa. Kwetu kisiwani jua huzama baharini mbele ya macho ya watu, wala hapana wa kubishana nalo. Kidete jua hujificha nyuma ya mlima mapema, na mbingu ikabaki nyeupe. Katika mwezi wa Ramadhani jambo hili si dogo. Nakumbuka jioni moja tende zimo sahanini, na redio inatoa adhana kutoka pwani. Kijana mmoja akanyosha mkono. Mzee aliyekaa ubavuni pake akamwambia, "Subiri, mwanangu. Hiyo ni magharibi yao." Akatuonesha vilele vya upande wa mashariki: bado vilikuwa na rangi ya jua. Tukangoja mpaka rangi ile ikaondoka na giza likaanza kupanda kutoka mashariki. Hapo ndipo mzee alipochukua tende yake.

Usiku ule nilifanya hesabu. Mji wa Unguja uko karibu na longitudo 39.2 mashariki, na Kidete karibu na 36.7. Tofauti ni nyuzi mbili na nusu; kila nyuzi moja ni dakika nne; jumla ni dakika kumi. Mzee hakuwa na ramani wala jedwali, lakini jambo alilolijua ni lile lile waliloliandika wale wawili mwaka 997: kila mahali pana jua lake.

Hata mlima, unaomfichia mtu jua, al-Biruni aliufanya chombo. Katika ngome ya Nandana, iliyo leo nchini Pakistani, alikuta mlima unaotazama uwanda mpana. Kwanza aliupima urefu wake kwa pembe mbili alizozichukua chini uwandani. Kisha akapanda kileleni, akapima upeo wa macho umeinama kiasi gani chini ya mstari uliolala sawasawa. Alipata dakika 34 za pembe, zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Kwa urefu ule na pembe ile akakokotoa nusu kipenyo cha dunia. Kabla yake, katika karne ya 9, Khalifa al-Ma'mun aliwatuma wataalamu jangwani wakatembea masafa marefu ili wapime nyuzi moja tu ya dunia.

Wengi wetu humtaja al-Biruni kwa fahari. Fahari hiyo ni halali, ila haitupi elimu yake. Leo ratiba za sala huchapwa mijini, na simu hutuambia wakati. Lakini ratiba ya pwani ikibandikwa ukutani bara bila kusahihishwa dakika zake, imekuwa saa ya watu wengine, na anayefungua saumu kwa saa hiyo amefungua kabla ya jua lake kutua. Lugha yetu ilitufundisha hili zamani, kwani saa za Kiswahili huhesabiwa kutokana na kucha na kuchwa kwa jua, na jua huchwa mahali palipo mtu.

Mshairi akisema kwamba yeye na mpenzi wake aliye mbali wanautazama mwezi mmoja, amesema kweli. Akiongeza kwamba kwake jua limekwisha kutua na kwa mpenziwe bado, atakuwa amesema pia umbali ulio baina yao.