Kufutwa Si Kupotea

Watu wengi wadhani ya kuwa faili likifutwa katika kompyuta limekwisha, kama karatasi iliyotiwa motoni. Sivyo. Naomba nafasi katika gazeti letu nilieleze jambo hili, maana muhula huu lilitugusa sana sisi wa Chama cha Historia, na huenda kesho likamgusa mwingine.

Chukua mfano wa bweni. (Mfano huu si wangu, ni wa mwalimu wetu wa kompyuta.) Mwalimu wa bweni ana daftari lenye majina yetu na namba za vitanda. Siku moja akilikata jina lako kwa kalamu nyekundu, je, umetoweka? Hata kidogo. Ungali umelala kitandani pako, na sanduku lako liko pale pale uvunguni. Ila kwa hesabu ya daftari kitanda kile ni kitupu, na akija mgeni atapewa yeye. Mgeni akishapanda na godoro lake, hapo ndipo utakapokuwa umeondoka kweli.

Ndivyo ilivyo ndani ya flashi. Imo sehemu ndogo iliyo kama daftari, yenye jina la kila faili na mahali linapoanzia, na imo sehemu kubwa yenye mafaili yenyewe. Ukifuta, kompyuta hugusa daftari tu. Katika flashi zenye mpango wa zamani uitwao FAT32, alama moja huandikwa juu ya herufi ya kwanza ya jina, na mahali pale huhesabiwa kuwa wazi. Hufanywa hivyo kwa ajili ya haraka. Kuifuta filamu nzima kipande kwa kipande kungechukua muda kama ule wa kuiandika, na nani angengoja?

Sasa kisa chenyewe. Muhula wa kwanza chama chetu kilinasa mazungumzo ya mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa shule hii kwa miaka mingi. Tulikaa naye nyuma ya jiko, jioni baada ya sahani kuoshwa, akatueleza habari za zamani: jinsi wanafunzi walivyoteka maji mtoni kwa zamu, jinsi chui alivyoingia katika banda la mbuzi wa shule, na jinsi alivyoweza kujua, kwa kusikiliza mlio wa mwiko tu, kama ugali wa watu 400 umeiva. Yote pamoja yalikuwa mazungumzo 11. Wakati wa likizo ya Juni mzee akafariki dunia. Tuliporudi, mjane wake alimtuma mjukuu aulize kama ni kweli shule inayo sauti ya babu, kwa kuwa nyumbani hawana ila picha moja.

Sauti ilikuwamo katika flashi ya chama. Nakala iliyokuwa katika kompyuta ya maktaba iliungua pamoja na kompyuta yenyewe kwa radi wakati wa masika. Na juma lile lile alilokuja mjukuu, kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliikuta flashi mezani, asijue ni ya nani, akafuta vyote ili apate nafasi ya kutia filamu. Moja alikuwa amekwisha kuitia.

Mambo haya huwapata hata wakubwa. Mwaka 1998 huko Marekani, watu wa Pixar walipokuwa wakitengeneza filamu ya Toy Story 2, amri moja iliyotolewa kwa makosa ilianza kuifuta kazi yao, na walipoiendea akiba wakakuta haifai. Iliyowaokoa ni nakala iliyokuwa nyumbani kwa mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya mtoto mchanga. Sisi hatukuwa na Galyn.

Tulitazama katika pipa la taka la kompyuta, hamna kitu. Pipa lile hupokea vilivyofutwa katika diski ya kompyuta yenyewe, si vya flashi. Mwalimu wa kompyuta alipopewa habari hakuuliza nani kafanya. Aliuliza, "Flashi iko wapi sasa?" Akaagiza itolewe upesi, na mtu yeyote asitie neno ndani yake. "Mgeni mmoja amekwisha kupanda kitandani," akasema, "asije wa pili."

Jumamosi akaleta programu iitwayo PhotoRec, iliyotengenezwa na Mfaransa, Christophe Grenier, nayo hutolewa bure. Jina lake ladanganya kidogo, maana haitafuti picha peke yake. Programu hii haisumbuki na daftari. Huisoma flashi tangu mwanzo hata mwisho, ikitafuta alama ambazo kila namna ya faili huanza nazo. Faili la sauti la namna ya WAV, kama yale yetu, huanza na herufi RIFF. Ilipatapo huliokota na kulitia mahali pengine. Mahali pengine, nasema, kwa sababu kuliandika katika flashi ile ile ni kuwaletea waliolala wageni zaidi.

Nisimdanganye msomaji: si kila chombo kina huruma hii. Diski mpya za SSD huambiwa na kompyuta ni wapi palipofutwa, nazo hupasafisha zenyewe bila kungoja mgeni. Huko matumaini ni machache.

Yalitoka mafaili mengi mno, yote bila majina yake, kila moja likiitwa f na tarakimu nyingi. Zilitoka nyimbo, na picha za harusi ya watu tusiowajua, maana flashi ile ilinunuliwa mitumba. (Mwenye kuuza flashi yake na afikiri kwanza!) Ikatubidi kusikiliza moja moja. La saba ndilo lililokuwa la mzee, akikohoa kabla ya kuanza, kama ilivyokuwa desturi yake. Hakuna aliyesema kitu.

Tulipata tisa kati ya yale 11. Katika moja, sauti yakatika katikati, yaja kelele kama ya redio isiyoshika stesheni, kisha mzee arudi akiendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mjane alisikiliza lile la chui mara mbili, akacheka, akasema mzee hakumpiga chui kwa mwiko hata kidogo. Alikimbia kama wengine.

Mawili yamelaliwa na filamu, nayo hayatarudi. Moja ni lile la mlio wa mwiko. Sisi watatu tuliokuwapo jioni ile tumejaribu kuliandika, na kila mmoja ameandika lake.